Nukta Katika Maagizo: Juu ya Kuunda Maktaba za Programu kwa Mifumo Endeshi Mingi

Katika jarida la namna hii msomaji amezoea kukuta uhakiki wa kamusi, wa sarufi, au wa utenzi uliohaririwa upya. Leo naomba ruhusa nihakiki maandishi ya namna nyingine, ambayo aghalabu hayahesabiwi kuwa maandishi: yale maagizo ambayo kompyuta hupewa ili iunde maktaba za programu, tena iziunde kwa mifumo endeshi zaidi ya mmoja, pasipo mkono wa mtu kuingia kati. Ruhusa hiyo naiomba kwa sababu mbili. Kwanza, sisi tunaochunguza lugha twazitegemea maktaba hizo kila siku, tujue tusijue. Ni chache mno orodha za maneno na hesabu za viambishi zitolewazo siku hizi ambazo hazikupita ndani yake. Pili, tukio la mwezi Machi 2024, nitakalolieleza kwa urefu hapa chini, kwa maoni yangu lilikuwa tukio la elimu ya nakala kabla ya kuwa tukio la elimu ya kompyuta, na yafaa litazamwe na watu waliozoea nakala.

Yapasa kuanza na maneno. Maktaba katika lugha ya waandishi wa programu si nyumba ya vitabu, bali ni mkusanyo wa kazi ndogo ndogo zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingine huziazima: moja hupanga maneno kwa alfabeti, nyingine hubana data, nyingine hukata sentensi kuwa maneno. Mwandishi huiandika kwa lugha ambayo binadamu aweza kuisoma, kama C, na maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Mashine haiwezi kuutumia msimbo huo vivi hivi. Hapana budi upitishwe katika kompaila, yaani programu inayofasiri msimbo kuwa amri za mashine, kisha vipande viunganishwe, vipimwe, vitiwe katika kifurushi. Kazi hiyo yote Waingereza huiita kwa neno lao la kujenga, na wengi wetu tumewafuata, tukasema "kujenga programu". Mimi napendelea kuunda. Nyumba hujengwa mahali itakapokaa; chombo huundwa pwani ili kiende kwingine, na fundi wa chombo hujua tangu anapochagua mbao kwamba bahari si moja. Maktaba ya programu ni chombo kwa maana hiyo. Aliyeiandika hajui itapakiwa wapi.

Na bahari si moja kweli kweli. Maktaba ile ile, jina la faili lake kwenye Linux huishia kwa .so, kwenye macOS kwa .dylib, na kwenye Windows kwa .dll, na hayo ni madogo. Kwenye mashine za biti 64, namba ya aina iitwayo long katika lugha ya C ina biti 64 kwa Linux na macOS, lakini biti 32 kwa Windows. Herufi pana, ile iitwayo wchar_t, ni biti 32 kwa mifumo ile miwili na biti 16 kwa Windows. Linux hutofautisha faili liitwalo Kamusi na lile liitwalo kamusi; Windows na macOS kwa desturi yao huyaona kuwa faili moja. Mstari wa maandishi Windows huufunga kwa alama mbili, wenzake kwa moja. Katika Windows kila kazi ya maktaba itakayoitwa kutoka nje sharti itangazwe. Katika Linux, kwa desturi ya kompaila, zote ziko wazi mpaka mtu azifiche. Msomaji aliyepata kufanya kazi ya lahaja ataitambua hali hii mara moja. Hizi si lugha tatu zisizojuana, wala si lugha moja. Ni lahaja tatu ambazo wasemaji wake hudhani wanaelewana kabisa, na makosa hutokea hasa pale neno lilipo moja na maana zikawa mbili.

Chombo cha kwanza kilichoenea cha kuifanya kazi ya kuunda ni Make, alichokiandika Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976. Wazo lake ni zuri hata leo: mwandishi haandiki mfuatano wa matendo bali uhusiano wa vitu, kwamba hiki chatokana na kile, nayo Make hutazama tarehe za mafaili na kuunda upya yale tu yaliyopitwa na asili yake. Sarufi yake, walakini, ina kasoro moja ambayo mwanaisimu hawezi kuipita kimya. Mstari wa amri sharti uanze kwa alama itolewayo na kitufe cha Tab. Ukianza kwa nafasi za kawaida, hata zikiwa nane, maagizo hukataliwa, na jicho halioni tofauti yoyote. Feldman mwenyewe amepata kueleza kwamba alipoitambua kasoro ile alikuwa tayari na watumiaji wapatao kumi na wawili, akaona vibaya kuwasumbua. Basi kwa kuwahurumia watu wale kumi na wawili, sarufi ikabaki na kiambishi kisichosikika wala kuonekana, nasi tungali nacho.

Make peke yake haikujua lahaja. Ndipo David MacKenzie mwaka 1991 alipoanza Autoconf, na hapa nataka kukaa kidogo, kwani katika historia hii yote sijaona wazo lililo karibu zaidi na kazi yetu. Desturi iliyokuwapo ilikuwa kuandika maagizo kwa majina: kama mfumo ni huu, fanya hivi; kama ni ule, fanya vile. Lakini mifumo ya ukoo wa Unix ilikuwa mingi, nayo ikazidi kuzaliana, hata majina yasitosheleze. Na mifumo miwili yenye jina moja yaweza kutofautiana kuliko miwili yenye majina mbalimbali. Autoconf huacha kuuliza jina, ikauliza sifa. Huandika programu ndogo ya mistari michache inayoitumia kazi fulani, huipa kompaila, na kutazama: ikikubaliwa, sifa ipo, ikikataliwa, sifa haipo. Ni njia ile ile ya mtafiti wa lahaja asiyeridhika kuambiwa kwamba hapa husemwa Kimtang'ata, bali huuliza neno kwa neno, kijiji kwa kijiji, akachora mpaka kwa majibu yenyewe. Sina shaka kwamba ni njia bora kuliko ile ya majina.

Ina kasoro mbili, na zote mbili zitatuhusu. Ya kwanza ni kwamba kushindwa husomwa kuwa kutokuwapo. Programu ile ndogo yaweza kukataliwa na kompaila kwa sababu sifa inayotafutwa haimo katika mfumo. Yaweza pia kukataliwa kwa sababu swali lenyewe liliandikwa vibaya. Autoconf haitofautishi. Mtafiti wa lahaja akiuliza swali lisiloeleweka, mzee aliyeulizwa akanyamaza, naye mtafiti akaandika katika daftari lake kwamba umbo hilo halisemwi hapa, sote tungemcheka. Kasoro ya pili ni kwamba maagizo mafupi ya mwandishi, yaliyotungwa kwa lugha ya makro iitwayo M4, hufumuliwa kuwa skripti ya maelfu ya mistari iitwayo configure. Skripti hiyo ndiyo itumikayo. Nayo, kwa jinsi ilivyo, haisomwi na mtu.

Kasoro ya kwanza niliijua kwa kuumia. Nilipokuwa ng'ambo nikiandika tasnifu, nalikuwa na maktaba ndogo niliyoiandika mwenyewe, ya kukata matini za Kiswahili kuwa maneno na kuyahesabu. Maagizo yake ya kuunda yaliuliza kama ICU ipo, ile maktaba ya herufi na lugha ambayo tangu 2016 iko chini ya Unicode Consortium. Ikiwapo, maneno yakatwe kwa kanuni za Unicode; isipokuwapo, yakatwe kwa kanuni rahisi ya herufi na zisizo herufi. Niliona huo ni uungwana: asiye na ICU asinyimwe kazi. Sasa kanuni za Unicode huikubali ritifaa iliyo kati ya herufi mbili, hivyo ng'ombe ni neno moja. Kanuni rahisi huikata. Kwenye mashine yangu ya Linux ng'ombe walibaki ng'ombe. Kwenye mashine ya macOS iliyokuwa katika chumba cha wanafunzi, ambamo mafaili ya kuundia kwa ICU hayakuwamo, matini zile zile zilinipa "ng" na "ombe", na "ng" na "ambo", na "ng" na "oa", hata hiyo "ng" pweke ikapanda juu ya orodha ikakaa pamoja na maneno yatumikayo sana. Hapana onyo lililotolewa. Wala sikugundua mimi. Aligundua msimamizi wangu, ambaye hakuwa mtu wa kompyuta hata kidogo, akaniuliza kwa upole ni tangu lini Kiswahili kimepata neno hilo. Sura nzima ya takwimu iliandikwa upya. Kosa halikuwa la macOS wala la kompaila. Lilikuwa katika mstari mmoja wa maagizo, niliouandika kwa mkono wangu, uliosema kwa maana yake: ukikosa, nyamaza uendelee.

Yaliyofuata Autoconf nayapita upesi. CMake ilizaliwa mwaka 2000 katika kampuni ya Kitware, kwa ajili ya mradi wa picha za kitabibu uliogharimiwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Yenyewe haiundi, bali hutunga maagizo kwa lahaja ya kila mfumo: ya Make kwa Linux, ya Xcode kwa macOS, ya Visual Studio kwa Windows. Sarufi yake ni ngumu kuipenda. Kwa watumiaji wa Python, ambao ni wengi katika isimu ya kompyuta, hatua kubwa ilikuwa kanuni ya manylinux ya mwaka 2016. Kwa kanuni hiyo maktaba huundwa ndani ya mfumo wa zamani, siku zile CentOS 5 ya mwaka 2007, ili ikubalike na mifumo mingi ya Linux iliyokuja baadaye. Kwani maktaba ya msingi ya C katika Linux huwaheshimu wazee lakini haiwezi kuwabashiri wajukuu. Kisha zikaja mashine za kukodi. Travis CI ilianza huduma ya namna hiyo mwaka 2011, na GitHub Actions ikafunguliwa kwa watu wote kwa kazi hiyo mwaka 2019. Mwandishi huweka maagizo yake katika faili moja, na kila anapobadilisha msimbo, mashine tatu, ya Linux, ya macOS na ya Windows, huamka zenyewe mahali asipopajua, zikaunda, zikapima, zikafungasha na kupeleka. Chombo kiitwacho cibuildwheel huunda vifurushi vya Python kwa mifumo yote mitatu kwa maagizo ya mistari michache tu.

Sitaki nidhaniwe kuwa mtu wa kulilia zama za kazi ya mkono. Mimi huzitumia mashine hizo, na nawahimiza wanafunzi wangu wazitumie. Programu ya kuchanganua vitenzi vya lugha isiyo na soko kubwa, ambayo hakuna kampuni itakayoiundia toleo la Windows, hupata toleo la Windows kwa njia hii, na pengine kwa njia hii tu. Mwalimu wa sekondari mwenye kompyuta ya kawaida hataunda maktaba ya C kwa mkono wake, wala hapaswi. Ninachohakiki si kujiendesha kwa kazi, bali ni imani iliyokuja nyuma yake: kwamba maagizo yakishakuwa ya mashine, basi si matini tena, na hayahitaji msomaji.

Sasa tukio lenyewe. Jina liblzma ni la maktaba ya kubana data, sehemu ya mradi uitwao XZ Utils, nayo hutumiwa na programu nyingi mno za Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja kwa kujitolea. Kuanzia mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alileta marekebisho, akasaidia, akavumilia, akaaminiwa, hata akapewa haki ya kutoa matoleo. Tarehe 24 Februari 2024 alitoa toleo 5.6.0, na tarehe 9 Machi toleo 5.6.1. Ndani ya maktaba iliyoundwa kutokana na matoleo hayo mlikuwa na mlango wa siri: mwenye ufunguo fulani angeweza kuipitia OpenSSH, programu ambayo seva huingiliwa kwayo kutoka mbali, na kuiamuru seva apendavyo. OpenSSH yenyewe haiiti liblzma. Lakini Debian na wengine walikuwa wakiirekebisha ili ishirikiane na systemd, na maktaba ya systemd ndiyo iliyoivuta liblzma ndani. Tarehe 29 Machi Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba ameugundua mlango ule. Kilichomshtua ni kwamba kuingia katika mashine kulichelewa takriban nusu sekunde kuliko zamani. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kuingia katika Debian ya majaribio, katika Fedora iliyokuwa bado kutolewa rasmi, na katika openSUSE Tumbleweed. Matoleo imara ya Debian na Fedora hayakuwa yamefikiwa.

Mlango ulifichwa wapi? Hapa mwanafunzi wa nakala na asogee karibu. Mradi ule, kama miradi mingi ya mila ya Autoconf, ulikuwa na matini mbili. Moja ni hazina ya Git, ambamo kila badiliko huandikwa pamoja na jina na tarehe, na kila mtu aweza kuiona. Nyingine ni kifurushi cha toleo, ambacho mtunzaji hukifunga kwenye mashine yake mwenyewe na kukitangaza. Kifurushi hakilingani na hazina, wala hakikutarajiwa kulingana: ndani yake huongezwa skripti ya configure na mafaili mengine yaliyotungwa na mashine, ili mpokeaji asihitaji kuwa na Autoconf. Tofauti kati ya matini mbili ilikuwa ni desturi ya miaka na miaka, na katika desturi hiyo ndimo alimojificha. Faili dogo la M4 liitwalo build-to-host.m4 lilikuwa na mistari mibaya katika kifurushi tu. Katika hazina mistari hiyo haikuwamo. Mistari ile ilichomoa data kutoka mafaili mawili ya majaribio yaliyokuwa wazi katika hazina mbele ya macho ya watu wote, moja likiwa na jina la kusema kwamba limeharibika kwa makusudi, jambo lisilotia shaka kwa maktaba ambayo lazima ipimwe kama yaweza kuitambua data iliyoharibika.

Tena maagizo yale yaliuliza maswali kwa adabu yote ya Autoconf. Je, hii ni Linux? Je, ni mashine ya aina ya x86-64? Je, anayeunda anaunda kifurushi cha Debian au cha RPM? Jibu moja tu likiwa la hapana, maagizo yalinyamaza na maktaba ikaundwa safi. Maana yake ni kwamba mtu aliyeiunda kwa mkono nyumbani kwake, pengine ili aikague, alipata nakala njema. Mashine ya kuundia vifurushi vya watu wote, isiyosoma, ndiyo iliyopata nakala mbaya. Sijapata kukuta katika miswada yetu mnakili aliyeandika matini moja kwa ajili ya mkaguzi na nyingine kwa ajili ya msomaji. Hapa alikuwapo, na kalamu yake ilikuwa ni maagizo ya kuunda.

Liko jambo jingine, dogo zaidi, ambalo halikutajwa sana katika masimulizi ya tukio hili, nami naliona kuwa na mafunzo makubwa kuliko lile la kwanza. Katika maagizo ya CMake ya mradi uo huo mlikuwa na kipimo cha kutambua kama mfumo una Landlock, kinga ya Linux inayoibana programu isiguse mafaili yasiyoihusu. Kipimo ni cha namna ile niliyokwisha kuieleza: programu ndogo, ipewe kompaila, ikikubaliwa, kinga itumike. Mwezi Februari 2024 programu ile ndogo ilipata nukta. Nukta moja, imekaa peke yake katika mstari. Kwa nukta ile programu haikuweza kufasirika katika mfumo wowote duniani, kompaila ikakataa, kipimo kikasema "haipo", kinga haikuwashwa, wala hapakuwa na onyo, kwani kutokuwa na Landlock si kosa. Mtunzaji wa asili aliiondoa nukta hiyo mara baada ya kashfa kufichuka.

Waliopata kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu hawahitaji kuelezwa uzito wa nukta. Moja chini ni ba, mbili juu ni ta, tatu juu ni tha; na kwa kuwa ba moja yaweza kubebeshwa b na p na mb, msomaji huwa na mashaka ya kutosha hata pale nukta zote zilipo mahali pake. Tendi zetu za kale aghalabu zimetufikia kwa mikono ya wanakili waliokuja baada ya watunzi, na mwenye kulinganisha nakala hujifunza mapema kupambanua nukta ya mtunzi, nukta ya mnakili, na tone la wino. Kwa hiyo hujiuliza swali ambalo mashine ya kuundia haijiulizi: nukta hii yafanya nini hapa? Yule aliyeitia nukta ndani ya kipimo cha Landlock alijua vizuri sarufi ya maagizo. Alijua kwamba katika matini hii kosa la tahajia halikataliwi bali hufasiriwa, na hufasiriwa kuwa habari juu ya ulimwengu.

Baada ya tukio yalitolewa mapendekezo, na yafaa yapimwe. Wapo waliosema kwamba Autoconf na M4 yake zitupwe, kwa kuwa hakuna awezaye kuzisoma. Hoja hii ina nusu ya ukweli: faili baya lilikuwa la M4, lakini nukta ilikuwa katika CMake, ambayo inasifiwa kuwa ya kisasa. Wengine walisema vifurushi viundwe kutoka hazina moja kwa moja, ili pasiwe na matini mbili. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote, na nashangaa kwamba ilihitajika kashfa ili watu walikubali. Hapana mhariri wa tendi ambaye angeridhika na nakala isiyolingana na asili kwa sababu tu "ni desturi". Lakini nukta ilikuwa katika hazina yenyewe. Wengine tena wametegemea juhudi iliyoanzishwa katika Debian mwaka 2013, ya kufanya uundaji uweze kurudiwa: watu wawili, katika mashine mbili, wakiunda msimbo mmoja kwa maagizo mamoja, wapate maktaba zinazolingana baiti kwa baiti. Ili hilo liwezekane imebidi kufukuza mambo mengi yanayojipenyeza katika nakala, kama tarehe ya kuundwa, jina la saraka, na mpangilio wa mafaili katika diski. Ni kazi ya kitaalamu ya hali ya juu, nami naihesabu kuwa ndiyo uhakiki wa matini wa kweli uliopata kufanywa katika fani hii. Walakini watu wawili waliokiunda kifurushi kibaya cha liblzma kwa maagizo mamoja wangepata maktaba mbili mbaya zinazolingana. Nakala mbili zikikubaliana zathibitisha kwamba asili yake ni moja. Hazithibitishi kwamba asili hiyo ni njema.

Wala kusoma msimbo peke yake hakutoshi, kama alivyoonyesha Ken Thompson katika hotuba yake ya tuzo ya Turing iliyochapishwa mwaka 1984. Alieleza jinsi kompaila inavyoweza kufundishwa kutia mlango wa siri katika programu nyingine, na kujitia mafunzo hayo yenyewe kila inapoundwa upya, hata msimbo chanzo wa zote mbili ukawa safi. Na mwezi Machi 2025 tulipata mfano wa namna nyingine: kipande cha maagizo ya GitHub Actions kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichokuwa kikitumiwa na miradi zaidi ya 23,000, kilibadilishwa ili kichapishe siri za miradi hiyo katika kumbukumbu za uundaji. Waliovamia walizihamisha lebo za matoleo zielekee msimbo mbaya. Waliokuwa wamekitaja kwa lebo wakapokea kitu kingine chini ya jina lile lile. Waliokitaja kwa alama kamili ya badiliko, ile namba ndefu isiyopendeza, wakabaki na walichokisoma. Mtu akitaja kitabu kwa jina bila toleo wala mwaka, wahariri wetu humrudishia makala yake. Hapa miradi kwa maelfu ilikuwa ikitaja hivyo, na hapakuwa na mhariri.

Haya yanalihusu jarida la lugha kwa namna mbili, nami nazitaja kwa sababu zinawezekana kesho asubuhi. Anayetoa hesabu ya maneno au ya viambishi iliyofanywa kwa programu na aseme imeundwaje: toleo la kila maktaba, mfumo endeshi, na kile ambacho maagizo yalikikuta na kile ambacho hayakukikuta. Mstari mmoja wa tanbihi watosha. Laiti ungedaiwa kwangu wakati ule, ng'ombe wangu wasingekatwa vipande viwili. Na sisi tunaoandika vyombo vya Kiswahili tuyaandike maagizo yetu ili kipimo kisichofaulu kiseme kwa nini hakikufaulu: je, kitu hakipo, au swali halikueleweka? CMake na Autoconf zote huhifadhi maneno ya kompaila iliyokataa, kila moja katika faili lake. Yako pale. Ni kuyafungua tu na kuyasoma, na katika tukio la Landlock kompaila ilikuwa ikilalamika waziwazi juu ya nukta ile kila ilipoombwa kuipima.

Maktaba yangu ya kukata maneno ingali hai, na sasa haikubali kuundwa pasipo ICU. Hivi karibuni niliiunda mara mbili, katika mashine mbili za Linux, nikazilinganisha nakala baiti kwa baiti. Hazikulingana. Tofauti ya kwanza ilikuwa tarehe ya kuundwa, niliyoiomba mwenyewe miaka ile bila kufikiri. Ya pili ilikuwa jina la saraka yangu ya nyumbani, iliyochapwa ndani ya ujumbe wa makosa. Zote mbili nimeziondoa. Imebaki ya tatu, baiti chache karibu na mwisho wa faili, ambazo asili yake sijaipata, na bado nazisoma.